Prado inapanda joto kwenye mlima wa Ngomo: ni lazima moteri ifunguliwe?

Mama wa Ndagala

Jambo kwenu wote. Nina Toyota Land Cruiser Prado ya 2006, mazutu (dizeli), lita 3, otomatiki, usukani uko kuume. Nafanya biashara ya ndagala (dagaa) kati ya Uvira na Bukavu, huku Kongo, kwa hiyo gari langu halipumziki. Kushuka naenda karibu mtupu, kurudi napakia magunia mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu.

Shida ni hii. Nikitoka Kamanyola nikaanza kupanda Ngomo, sindano ya joto inatulia katikati mpaka zile kona za juu. Hapo inaanza kupanda. Nikisimama nikaacha moteri ikizunguka, inashuka yenyewe polepole. Nikishafika Nyangezi hakuna tatizo, na mjini hata foleni ya Nyawera haiisumbui.

Garaji moja wameniambia gasketi ya kichwa cha moteri imekufa. Wanataka dola 900, nusu kwanza. Hawakupima kitu chochote! Walifungua boneti, wakatazama, wakasema. Wanataka pia kutoa termostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya radiateri, na kuitupa, eti moteri ipoe.

Jambo la pili: nikiwa nashuka, nikikanyaga breki usukani unatetemeka, na nikikaribia Kamanyola pedali inashuka chini kuliko kawaida. Mnaijua ile barabara, mnajua korongo lililoko pembeni. Mara nyingi nina watu ndani. Nisaidieni, nianzie wapi?

Fundi wa Kadutu

Mama, usitoe hata dola moja kabla ya kupimiwa. Gasketi iliyokufa haijifichi. Asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha radiateri, washa, tazama maji. Mapovu yakitoka mfululizo, ujue moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Bonyeza bomba la juu la radiateri muda mfupi baada ya kuwasha: likishakuwa gumu na gari bado baridi, ni ishara hiyohiyo. Dalili nyingine ni maji kupungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe usiokwisha, na mafuta ya moteri kugeuka rangi ya maziwa. Katika uliyoandika sioni hata moja. Gari ambalo likisimama joto linashuka lenyewe, mara nyingi ni kwamba radiateri haipitishi hewa ya kutosha pale mzigo unapozidi.

Na barabara yetu ndiyo inayoleta hayo. Kiangazi ni vumbi, mvua ikianza ni tope jekundu. Mbele ya radiateri ya Prado kuna kondensa ya klimatizeri (mashine ya kupoza hewa ndani ya gari), na uchafu unajificha katikati ya hizo mbili. Fundi akitazama kwa mbele anaona pasafi, anafunga boneti, anakuambia gasketi. Mwambie alegeze boliti za kondensa, aisogeze kidogo bila kufungua mabomba ya gesi, amulike na tochi humo ndani. Mimi nimeshatoa humo majani, wadudu na tope kavu la kujaza beseni. Oshea kwa mpira wa maji wa kawaida, kutoka upande wa moteri kwenda nje. Ile mashine ya maji ya nguvu isikaribie: inalaza mapezi ya alumini, na yakishalala hewa haipiti tena.

Kisha tazama kifuniko chenyewe. Watu wanakidharau kwa sababu ni kidogo. Bukavu tuko karibu mita 1 500 juu ya bahari, maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima kinayabana kwa shinikizo la baa 1 na kidogo, ndiyo maana ndani ya radiateri yanavumilia mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukipasuka, kinga hiyo imekwenda, na mlima ndio utakaokuonyesha. Usikifungue gari likiwa la moto, hata kama una haraka namna gani. Na ndani mtie maji ya radiateri yenyewe, yale ya rangi yanayozuia kutu, si ya robine (bomba la nyumbani).

Feni: zima moteri ikiwa ya moto, ondoa ufunguo, izungushe kwa mkono. Lazima ikubishie. Ikijizungukia huru, silikoni ya ndani imekwisha.

Termostati isitolewe. Garaji nyingi hapa kwetu zinafanya hivyo na mimi nalipinga kila siku. Moteri ya mazutu isiyofikia joto lake inakula mafuta mengi na silinda zinalika mapema. Kama imeharibika, weka mpya.

Sasa breki, na hapa ndipo ninapoogopa kuliko joto. Kutoka ziwa letu la Kivu mpaka lile la Tanganyika ni kushuka karibu mita 700, na wewe unashuka zote mguu ukiwa juu ya breki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, lakini yananyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka unakanyaga mvuke, ndiyo ile pedali inayoshuka. Yabadilishe yote, weka DOT 4, na urudie kila miaka miwili. Kuanzia leo usishuke Ngomo na gia ya D. Weka 3, kona zikikaza weka 2. Moteri itanguruma, iache ingurume, ndiyo inayokushikia gari.

Usukani kutetemeka: fungua magurudumu ya mbele. Kila kaliper (ile inayobana diski) ya Prado hiyo ina pistoni nne, moja ikikwama kwa tope plaketi (pedi ya breki) inalika vibaya na diski inaharibika. Unene wa mwisho wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta neno MIN. Wale vijana wa kuosha magari usiwaache wamwagie magurudumu maji ukiwa ndiyo kwanza umeshuka, diski zikiwa bado za moto.

Dereva wa Plaine

Mama, mpaka upone breki pitia Rwanda, Bugarama, utokee Kamanyola. Lami yote. Makaratasi na foleni ya mpaka vinachosha, najua, lakini na hizo breki usirudi Ngomo.

Mwalimu wa Nguba

Mimi nina moteri hiyohiyo, 1KD. Fundi amesema vizuri, naongeza yasiyohusu joto, kwa sababu gari ni la okazyo (lilishatumika) na huna historia yake.

Chini ya kila injekta kuna washa ndogo ya shaba. Zikianza kuvuja, masizi yanaingia kwenye mafuta ya moteri, yanashuka chini na kuziba chujio la pampu ya mafuta. Moteri ya namna hiyo inakufa kwa kukosa mafuta huku kijiti cha kupimia kinaonyesha yamejaa. Unapofanya vidanji (kubadilisha mafuta ya moteri), mwambie fundi atazame: mafuta yakitoka mazito yenye vipande vyeusi, fungua karta (bakuli la mafuta chini ya moteri) usafishe chujio, na washa zibadilishwe zote nne.

Mkanda wa taimingi pia. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT, lakini mtu anaweza kuizima na mkanda ukabaki ule wa zamani. Kama aliyekuuzia hana karatasi, badilisha.

Na mazutu ya kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, mama, hapana. Maji yakiingia kwenye injekta za moteri hii utalipa zaidi ya zile 900. Chini ya chujio la mazutu kuna kizibo cha kutolea maji. Kifungue kila vidanji.

Mama wa Ndagala

Aksanti sana, Papa Fundi, na Mwalimu, na wewe kaka wa Plaine. Nilibadilisha garaji. Huyu mpya nilisimama naye mpaka mwisho, simu mkononi, nikimsomea.

Mapovu hayapo. Bomba la juu ni laini asubuhi. Kondensa ilipovutwa, nusu ya chini ya radiateri haikuonyesha mwanga hata kidogo ukimulika kwa nyuma, tope tupu pamoja na manyoya ya kuku. Kifuniko mpira wake umechanika upande mmoja. Feni inabisha vizuri. Nimeosha, nimeweka kifuniko kipya na maji mekundu, termostati imebaki mahali pake. Nimelijaribu kupanda kwenda Walungu na mzigo, sindano haikutikisika.

Upande wa breki mambo si mazuri. Mafuta yalitoka meusi. Kaliper ya kushoto pistoni mbili zimekwama, na diski yake imeshapita ile MIN. Fundi anasema anaweza kunipatia diski ya okazyo leo hii.

Fundi wa Kadutu

Hapana. Diski mpya, mbili, kushoto na kulia pamoja, na plaketi mpya zote nne. Pistoni zisafishwe na mipira yake ibadilishwe. Okazyo chukua kioo, chukua mlango, chukua taa. Si breki.

Mama wa Ndagala

Nimesikia. Nani anajua duka hapa Bukavu lenye diski mpya za mbele za Prado 120? Nitakuja na ya zamani tulinganishe. Gari limebaki juu ya mawe hapa Muhumba, na ndagala za wiki hii zinakuja na kamyoni ya jirani.