Mjadala: Je, elimu ya jinsia shuleni iwahusu pia wanafunzi wa LGBTQ (wanaovutiwa na wa jinsia yao, au wenye utambulisho tofauti wa kijinsia)?

Mwalimu wa Biolojia
Naanza na pengo lenyewe. Mara nyingi somo hili huishia kwenye mimba: hedhi, yai, kondomu, kengele inalia. Kijana anayevutiwa na wa jinsia yake anajiambia kuwa pasipo mimba hapana hatari. Hajaambiwa kwamba mafuta ya kujipaka hudhoofisha kondomu ya mpira ikapasuka, na kwamba kilainishi kinatakiwa kiwe cha maji au silikoni. Hajui kuwa aliyehofia kuambukizwa VVU ana saa 72 tu za kuanza PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari, kisha azimeze siku 28. Anayeogopa kuuliza huzimaliza saa hizo kitandani, akiwaza.

Mzazi
Mwalimu, hayo ya VVU sina ugomvi nayo, afundishwe kila mtoto. Ninachopinga ni umri, na sisi kutoshirikishwa. Mwongozo wa UNESCO wa 2018 wa elimu ya jinsia unaanzia miaka 5! Kitabu nikione mimi kwanza, ndipo aonyeshwe mtoto.

Mnasihi wa shule
Ndugu mzazi, kukiona kitabu naunga mkono kabisa: barua itoke wiki mbili kabla, vifaa vyote viwekwe mezani. Kuhusu umri, mwongozo huo umegawa makundi: 5–8, 9–12, 12–15, na 15–18 na kuendelea. Wale wadogo hujifunza kuwa familia ziko za namna nyingi, mwili wako ni wako, mtoto hutokana na nini kwa lugha nyepesi, na nani wa kumwambia ukishikwa vibaya.

Mimi hofu yangu iko kwingine. Somo zuri huharibiwa na vitu vidogo. Chukua sanduku la maswali. Mwalimu anasema "mwenye swali aandike", wanaandika watatu, darasa zima linawaona. Dawa yake: kila mmoja apewe karatasi ya ukubwa uleule, na asiye na swali aandike "sina swali". Sanduku lifungwe, lisifunguliwe palepale. Mwalimu asome peke yake, ayaandike upya kwa mkono wake (wenzao wanajuana miandiko), ajibu kipindi kinachofuata.

Kosa zito kuliko yote ni mwalimu kuambiwa na mwanafunzi siri ya anayempenda kisha akapiga simu nyumbani, hata kwa nia njema. Mtoto anaweza kulala nje usiku huohuo. Muulize kwanza: nani anajua, nani asijue? Usiiandike kwenye jalada lake.

Mzazi
Hapo tunaachana. Mwanangu akitaka kujiua, mimi nijue wa mwisho?

Mnasihi wa shule
Hapana. Akitaja kufa, mzazi anaitwa siku hiyohiyo na mtoto anaambiwa kabla ya simu kupigwa. Kama hatari iko nyumbani kwenyewe, wanaitwa ustawi wa jamii. Kinachofichwa ni anampenda nani. Hali ya uhai wake haifichwi.

Mwalimu wa nidhamu
Niongeze la kanuni. Ikiandikwa "uonevu ni marufuku" basi, neno "shoga" likirushwa uwanjani walimu huliita utani na kupita. Kanuni itaje wazi: matusi juu ya mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia, nani apokee malalamiko, ndani ya siku ngapi. Uingereza walikuwa na kifungu cha sheria, Kifungu cha 28, tangu 1988, kilichozuia serikali za mitaa kuuendeleza ushoga. Hakikukataza kumtetea mtoto anayetukanwa, ila walimu wengi hawakuwa na hakika wanaruhusiwa nini, wakanyamaza. Scotland walikifuta 2000, England na Wales 2003. Kwa hiyo kanuni isiyoeleweka nayo humuumiza mtoto.

Mzazi
Matusi yakatazwe kwa majina, sibishi. Lakini na ile barua ya wiki mbili iandikwe kwenye kanuni hizohizo. Isiwe hisani ya mkuu wa shule.