Naomba ushauri: nataka kuotesha nyasi uwanja mzima kwa haidrosidingi, nianzie wapi?

Kibaraza_Kipya:
Habari zenu wakuu. Nyumba imeisha, tumehamia, kilichobaki ni uwanja. Ni kama mita za mraba 400 hivi, mbele pako tambarare ila nyuma kuna mteremko unaoshukia ukutani, na kona moja kuna mti mkubwa kivuli karibu siku nzima. Udongo ndo ule waliouacha mafundi ujenzi, mgumu, ukichimba kidogo tu unakutana na vipande vya tofali na zege. Sasa nimeskia hii haidrosidingi, wanakuja na tanki wanachanganya mbegu na maji na mbolea na madude mengine afu wanapuliza kwa mpira. Je inafaa nyumbani au ni mambo ya kingo za barabara tu? Na mi natakiwa niandae nini kabla hawajaja, manake fundi niliyeongea nae anasema nisihangaike na udongo, lile rojo linajitosheleza. Watoto wanataka pa kuchezea kwa iyo nataka nyasi za kudumu. Naombeni uzoefu wenu.

Jembe_Mpini:
Mkuu inafaa nyumbani vizuri tu, ila hapo kwenye udongo usimsikilize huyo fundi. Lile rojo ni maji, mbegu, mbolea, nyuzi za mbao au karatasi zilizosagwa, gundi kidogo na rangi. Ule ukijani wa siku ya kwanza ni rangi, inawekwa ili mpulizaji aone wapi kapita na wapi bado. Nyuzi zinashika unyevu na kuzuia mbegu zisisombwe, baada ya hapo zinaoza na mzizi unabaki na udongo wako kama ulivyo. Kama udongo umeshindiliwa na malori ya mchanga mbegu itaota vizuri na utafurahi kabisa, shida inakuja mzizi ukianza kutafuta njia ya kushuka, unakwama juu juu, jua likipiga siku kadhaa mfululizo uwanja wote unageuka njano na watu wanalaumu mbegu. Nimeviona viwanja vingi vimekufa hivo na inauma kwa sababu ilikuwa ya kuzuilika.

Toa vifusi vyote usivifukie. Vunja udongo sentimita 10 mpaka 15 kwenda chini, changanya na mboji au samadi iliyooza vizuri, piga reki, na hakikisha ardhi inashuka taratibu kutoka kwenye msingi kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita inatosha. Usiusage mpaka ukawa vumbi, vijibonge vidogo viache, mbegu zinajibana humo humo.

MamaUkoka:
Naongezea kwa Jembe. Mahali palipomwagika saruji na chokaa udongo unapanda pH (kipimo cha uchachu wa udongo), na nyasi nyingi zinapenda kati ya 6 na 7. Pima udongo kabla ya kununua mbolea yoyote. Ikija na pH ya juu usiweke chokaa hata kama mtu kakwambia kila uwanja lazima uwekwe chokaa.

Kingine ambacho watu wanakiruka, na mi ndo nakiona cha muhimu kuliko vyote. Ukishasawazisha usiite tanki kesho yake. Mwagilia uwanja mtupu, subiri magugu yaote, yang'oe au yapalilie juu juu bila kugeuza udongo, na ukiweza rudia tena. Yale magugu yapo tayari humo ardhini yanasubiri maji tu. Ukipuliza mbegu bila kuyamaliza unayamwagilia na kuyawekea mbolea pamoja na nyasi zako, na yenyewe yanaota haraka kuliko nyasi.

Shina_Moja:
Mi naona gharama ya bure, tafuta vipando vya ukoka chomeka kwa mistari vitatambaa vyenyewe. Mita 400 ni ndogo hio.

MamaUkoka:
@Shina_Moja si vibaya, ila kwenye mteremko wake mvua moja kubwa itaondoka na udongo kabla vipando havijakutana. Pia inategemea anataka nyasi gani. Zile nyasi za bemuda chotara za viwanja vya mpira kama Tifway hazitoi mbegu zinazoota, hizo lazima vipando au mazulia ya nyasi zilizokwisha ota. Yale majani mapana ya Saint Augustine nayo kwa kawaida ni vipando. Kwa iyo Kibaraza kama ulizipenda nyasi za mahali fulani uliza kwanza ni aina gani, isije ikawa huyo wa tanki anakuahidi mbegu ambayo haipo.

Tanki_na_Mpira:
Nimefanya hii kazi ya kupuliza muda mrefu, ngoja nikupe maswali ya kumuuliza fundi wako. Moja, matandazo yake, yaani zile nyuzi, ni ya karatasi au ya mbao. Karatasi ni nafuu na sehemu tambarare inatosha, ila kwenye mteremko dai nyuzi za mbao na gundi, zinashikana na udongo na hazisombwi kirahisi. Sehemu ya kawaida ni kama kilo 17 mpaka 22 za matandazo makavu kwa mita za mraba 100, mteremkoni inapanda zaidi ya hapo. Akipunguza utaona udongo unachungulia, akizidisha mno hasa ya karatasi linakauka gamba na chipukizi zinapata shida kutoboa.

Pili mbegu ni kilo ngapi. Bemuda punje zake ni ndogo sana, nusu kilo mpaka kilo 1 kwa mita 100 za mraba inatosha. Fesku, aina nyingine ya nyasi, punje ni kubwa, hio ni kilo 3 mpaka 4. Mwambie akuoneshe mfuko kabla hajaumimina, usome aina na tarehe ya kupimwa uotaji.

Tatu, mbegu iingie kwenye tanki mwishoni na ipulizwe ndani ya saa moja hivi. Rojo lenye mbegu na mbolea lisilale ndani ya tanki, chumvi ya mbolea inaua. Na apulize kutoka pande mbili, aende upande huu afu arudi kutokea upande wa pili, manake akisimama sehemu moja kila kibonge kinaacha kivuli nyuma yake ambacho rojo halijafika na hapo panabaki kipara.

Kibaraza_Kipya:
Asanteni sana, nimeshamwambia fundi asubiri kwanza. Maswali mawili. Kumwagilia ni mara ngapi, manake mchana wote tupo kazini. Na kule chini ya mti itakuaje?

Jembe_Mpini:
Kumwagilia ndo kila kitu kwenye wiki tatu za mwanzo. Unataka sentimita 2 mpaka 3 za juu ziwe na unyevu muda wote, sio dimbwi, sio mafuriko. Kwa jua la kawaida ni mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, dakika chache kila sehemu, ukiona maji yanaanza kutiririka funga hapo hapo. Mbegu ikishavimba na kuanza kutoa mzizi kisha ikakauka mchana mmoja tu imekufa na haifufuki, hapo hamna ujanja. Kwa iyo kama hamna mtu nyumbani weka spirinkla na taima kabla fundi hajaja, sio baada. Uijaribu uone kama maji yanafika kila kona.

Nyasi zikishaota unageuza, unapunguza mara na kuongeza kiasi, mpaka ufike mara mbili au moja kwa wiki lakini maji yashuke chini kabisa ili mzizi uyafuate. Ukiendelea na vimaji vya juu juu mzizi nao utabaki juu juu.

MamaUkoka:
Chini ya mti usipoteze mbegu ya bemuda, bila jua haikai. Kama ulipo kuna ubaridi fesku inavumilia kivuli kiasi, kama ni joto punguza matawi ya chini mwanga upenye, na pale pasipoona jua kabisa panda kitu kingine cha kivulini au tandaza magome ya mti. Hata msimu angalia. Bemuda inataka udongo uwe umepata joto, nyuzijoto 18 za selsiasi na kuendelea. Na usishtuke zikitofautiana kutoka, raigrasi (nayo ni aina ya nyasi) siku 5 mpaka 10, fesku wiki moja mpaka mbili, bemuda siku 10 mpaka 30. Usimruhusu fundi akuwekee raigrasi nyingi ili uwanja uonekane umeota haraka, inaibana ile unayoitaka.

Kibaraza_Kipya:
Nimeelewa. Na watoto waanze lini kucheza? Na magugu yakirudi naweza kupuliza dawa?

Tanki_na_Mpira:
Dawa acha kwanza, hasa ile ya kuzuia magugu yasiote, hio haichagui, itazuia na mbegu zako. Yang'oe kwa mkono yakiwa madogo, dawa ya kuua magugu ya majani mapana subiri mpaka uwe umekata nyasi mara tatu au nne. Mkato wa kwanza bemuda ikifika kama sentimita 5, fesku 8 mpaka 10, kisu kikali, udongo umekauka kiasi, na usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Kisu butu kinang'oa miche na mzizi wake. Watoto wakae nje ya uwanja wiki 4 mpaka 6, afu ushike nyasi uvute kidogo, zikigoma kung'oka waruhusu, zikija na mizizi ongeza wiki mbili. Siku ukishapuliza rudi utuwekee picha ya ule mteremko tuone kama rojo limeshika.