Wakuu, hii chaneli ya Weusi wa Marekani imenishinda tabia!

Nipo Houston, nimetoka shifti ya usiku, nimekaa na pilau langu. Chaneli mnaijua, BET. Wanarusha ile filamu ya Madea, bibi mwenye bastola kwenye pochi (yule mwigizaji Tyler Perry aliyevaa wigi), kwa mara ya elfu. Nikasema leo naimaliza.

Tupo mahakamani. Mume katili kasimama, jasho linamtoka. Jaji kavua miwani, kafungua mdomo… TANGAZO! Dawa ya kisukari! Wazee wanaendesha baiskeli ufukweni huku sauti inasoma madhara mpaka kifo.

Kurudi, bibi yuko jikoni anakula kuku. Hukumu iko wapi?? Hukumu wameikata, madhara ya dawa wameyaacha yote! Mpo hewani tangu 1980, mwaka 2000 mmeuzwa karibu dola bilioni 3, 2002 mkafuta vipindi vya mijadala, halafu mnashindwa kumpa jaji sekunde mbili? Kafungua mdomo jamani, KAFUNGUA!

Mzee_wa_Dishi: Miaka hii bado unalipia kebo? Jaji alikuwa anakuhukumu wewe.

Binti_Pangani: Mume alifungwa. Haya kalale.

Mleta uzi: Nani kakuuliza mwisho? Nilitaka kumsikia JAJI!

Chuma_cha_Reli: Afadhali wewe. Sisi tuna kidonda cha tuzo zao za 2014, Diamond katajwa, Davido kabeba. Na miaka ile tuzo ya Afrika ilikuwa inatolewa nyuma ya jukwaa kabla ya shoo, kama posho ya mlinzi.

Mtoto_wa_Eastlands: 2021 Diamond katajwa tena, kabeba Burna Boy, mbona hiyo umeiruka? Mama yake Burna 2019 alipanda pale kumpokelea tuzo, akawakumbusha Weusi wa Marekani walikuwa Waafrika kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mimi nililia.

Chuma_cha_Reli: Mkenya analilia tuzo ya Mnigeria. Zenu ziko wapi?

Mzee_wa_Dishi: Mimi nirudishieni video za muziki tu. Siku hizi bibi asubuhi, bibi mchana, bibi jioni.

Mleta uzi: Tukirudi kwa jaji…

Binti_Pangani: Achana na jaji. Houston binzari nyembamba mnapata wapi?

Mzee_wa_Dishi: Hillcroft, kwa Wahindi. Iliki ndiyo usiulize bei.