Tumeuziwa programu ya "kuchora mti wa vipengele yenyewe", imewakata wakulima hela ya mbolea ambayo hawakukopa

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa AI, hapa nazungumzia hela za watu.

Niko Mbeya, Soweto. Tuko vijana wanne, tunatengeneza mfumo wa kompyuta wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Mfumo ni mmoja lakini kila chama kina mambo yake. Kahawa Mbozi kuna malipo ya awali, halafu ya pili baada ya mnada. Chai Rungwe wanapima majani mabichi. Mpunga Mbarali kuna habari za ghala. Kinachotutoa jasho ni kusoma makaratasi ya mahitaji ya kila chama na kuchora mti wa vipengele vya mfumo: kipi lazima kwa wote, kipi hiari, kipi kikiwepo kinadai kingine, vipi havikai pamoja. Mti huu ni wa siku nyingi, Kang na wenzake wa Carnegie Mellon waliuweka kwenye FODA, njia yao ya kuchambua vipengele vya programu, mwaka 1990. Ukikosea mti umekwisha, maana vipengele 12 tu vya hiari visivyofungana vinazaa matoleo 4,096. Vikifika 33 yanapita bilioni 8.5, kila mtu duniani anapata lake na mengine yanabaki. Nani atayajaribu yote?

Akaja muuzaji: pakia waraka, mti unatoka wenyewe. Siku ya maonyesho alitumia waraka wa Kiingereza. Tukauliza, Kiswahili je? "Inasoma lugha zote." Tukachanga milioni 1.4.

Waraka wa Mbozi umeandikwa hivi: "Makato ya pembejeo hayatafanyika kwa mkulima asiyekopa." Sasa ile programu inayakata maneno ibaki mizizi, ili ikusanye sentensi zinazofanana. "Yatafanyika" na "hayatafanyika" zote zikabaki "fanyika". "Asiyekopa" ikabaki "kopa". Kukanusha kwetu kumo ndani ya kitenzi, ukikata viambishi umekata maana! Ikatoa: makato ya pembejeo, LAZIMA, kila mkulima.

Na "au" nayo. Tuliandika alipwe kwa simu au benki, maana yetu achague moja. Yenyewe ikaruhusu zote mbili. Hilo tuliliwahi.

La makato hatukuliwahi. Kikaguzi cha mantiki kilisema mti hauna mgongano, na kweli haukuwa nao. Kinaangalia kama matawi yanapingana, hakijui mkulima alisema nini. Tulipaswa kurudi kwenye waraka mstari kwa mstari, hatukurudi. Hilo ni letu na nimeshawaomba radhi viongozi wa chama.

Siku ya malipo mzee mmoja aliniletea karatasi yake mezani. "Mwanangu, mbolea hii niliichukua lini?" Nilikosa jibu. Nyuma yake foleni imefika nje.

Nimempigia muuzaji, ananiambia tuandike mahitaji kwa Kiingereza. Katibu wa AMCOS aandike Kiingereza? Masharti ya chama ni ya Kiswahili, mikutano ni ya Kiswahili, mkulima analalamika kwa Kiswahili. Unauza kitu Tanzania halafu lugha ya mteja ndiyo unaiita tatizo?

Sipingi kazi hii kufanywa na mashine. Kurasa 60 zinachosha macho, ikitupunguzia nusu tutashukuru. Lakini kila kipengele kioneshe kimetoka sentensi ipi, na penye "au" iniulize, isijiamulie. Na muuzaji aseme mapema haijajaribiwa kwa Kiswahili. Hela yetu tunaidai, barua tumepeleka mara mbili, kimya.

Wadau wa Iringa, Njombe na kwingineko, kama kuna aliyejaribu kifaa cha namna hii kwa waraka wa Kiswahili hasa, aweke hapa kilichotokea. Jumatatu tunapanda Mbozi kuwarudishia wakulima 61 makato yao, jina kwa jina, kwa daftari.