Kubeba baiskeli nne kwenye Prado inayokokota trela ya kambi: keria ipi, na ifungwe wapi?

Mkazi wa Moshi

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kusafiri mbali wakiwa na baiskeli, hasa waliokuwa wakikokota trela kwa wakati huohuo.

Nina Toyota Prado yenye reli juu ya paa na tairi ya akiba kwenye mlango wa nyuma. Hivi karibuni nimenunua trela ndogo ya kambi, ile ambayo hema hukunjwa juu ya paa lake. Likizo ya watoto ikifika, mimi na mke wangu tunataka kwenda Lushoto, tukae siku kadhaa tukiendesha baiskeli katika vijiji vya Usambara, kisha tuteremke Tanga na kumalizia Pangani. Baiskeli ni nne. Yangu ina kilo 15, ya mke wangu, ambayo fremu yake ni ya kaboni, ina kilo 12, na mbili za watoto zina kilo 14 kila moja.

Dukani nilipokwenda kuuliza, nilishauriwa kununua keria ya baiskeli nne inayoshika kile kichwa cha mviringo cha kukokotea trela, lakini muuzaji hakuniuliza kama trela yenyewe ningeifunga wapi. Mtu mwingine, ambaye ni mchomeleaji, ameniambia kwamba kwa nusu siku anaweza kuchomelea mabomba nyuma ya trela na baiskeli zote nne zikakaa hapo. Ushauri wake ni wa bei nafuu na unavutia, ila moyo wangu unasita. Trela ikiwa imepakiwa ina kilo 700, na kutoka kichwa cha kukokotea hadi ekseli ni mita 2.5. Baiskeli moja ikianguka kwenye barabara kuu kati ya Same na Mombo, anayefuata nyuma anaweza kuwa mtu wa bodaboda na abiria wake, na jambo hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko gharama.

Fundi wa Njiro

Kaka, moyo wako umesita mahali pake. Mimi natengeneza na kukarabati trela hapa Arusha, na ningekuomba usikubali mabomba yale ya nyuma hata kama utafanyiwa bure. Nitakueleza kwa hesabu, kwa sababu bila hesabu utadhani nakutisha tu.

Trela ya ekseli moja ni kama mizani. Ekseli ni mhimili, na sehemu ya uzito inapaswa kuegemea mbele, kwenye kichwa cha kukokotea, ili trela itulie nyuma ya gari. Kwa trela kama yako, uzito huo wa mbele usipungue asilimia 5 ya uzito wote, na mimi binafsi napenda ukaribie 10. Tuseme sasa hivi una kilo 60 pale mbele. Baiskeli zako nne ni kilo 55, na fremu ya mabomba haitapungua kilo 15, kwa hiyo jumla ni kilo 70. Zikikaa mita 1.6 nyuma ya ekseli, zitainua mbele kwa kilo 70 mara 1.6, gawanya kwa 2.5, yaani karibu kilo 45. Utabaki na kilo 15 tu kwenye trela ambayo sasa ina kilo 770, ambazo ni asilimia 2. Trela ya namna hiyo itakwenda vizuri ukiwa mjini, nawe utaridhika nayo. Siku utakapokuwa unateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, au basi litakapokupita kwa kasi pale Mwanga, ndipo mkia utaanza kuyumba kushoto na kulia, na kila myumbo utakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Mzigo unapokaa mbali na ekseli, trela ikishaanza kuyumba inakuwa vigumu zaidi kuituliza. Ikikutokea siku moja kwa sababu yoyote ile, ondoa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani bila kushindana nao, wala usikanyage breki kwa nguvu.

Kuna jambo la pili, nalo ni barabara. Kwenye barabara ya rafu, nyuma ya trela ndipo mahali panaporuka kuliko pote, kwa kuwa trela haina springi laini kama za gari. Ile keria ya duka iliyotengenezwa kwa ajili ya gari haikukusudiwa kupigwa namna hiyo, na ndiyo maana watengenezaji wengi wanaandika wazi katika vijitabu vyao kwamba keria zao zisifungwe nyuma ya trela. Chuma hakivunjiki siku ya kwanza. Kinapata ufa mdogo kwenye kona ya weldi, ufa unatembea, kisha siku moja kinaachia.

Kuhusu ushauri wa dukani, keria ya kichwa cha kukokotea ni nzuri sana kwa gari lisilokokota kitu. Ni ya chini, mtu mmoja anapakia bila kunyanyua juu, na haili mafuta mengi kama ya paa. Lakini wewe kichwa hicho unakihitaji kwa trela, hivyo keria hiyo haikufai katika safari hii. Ile ya kufungwa kwenye tairi ya akiba nayo ningeiacha, kwani bawaba za mlango wa Prado tayari zimebeba tairi zito, na ukiongeza baiskeli mbili mlango utaanza kulegea na kupiga kelele, achilia mbali kwamba hutaweza kuufungua kutoa hata chupa ya maji bila kushusha kila kitu.

Pendekezo langu ni kugawa mzigo. Baiskeli yako na ya mama watoto zikae juu ya paa la gari, na mbili za watoto zikae kwenye mkono wa trela, yaani zile chuma mbili zinazokutana mbele kuelekea gari. Kilo 28 za baiskeli pamoja na keria ya kilo 14, zikikaa mita 1.5 mbele ya ekseli, zitaongeza kama kilo 25 kwenye kichwa cha kukokotea. Kutoka 60 utafika 85, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 11, na Prado haitahangaika nazo. Mwenye gari dogo ambalo kichwa chake kinaruhusiwa kilo 75 asiige jambo hili bila kuhamisha kwanza mtungi wa gesi au tanki la maji.

Usikadirie uzito huo kwa macho. Chukua mizani ya kawaida ya kupimia watu, weka juu yake kipande cha mti kirefu kiasi kwamba trela inakaa sawa bila kuinama, zuia magurudumu kwa mawe, kisha shusha mkono wa trela taratibu juu ya mti huo na usome.

Na keria hiyo ya mbele usiichomelee. Moto wa weldi hudhoofisha bomba jembamba la mkono wa trela palepale linapohitaji nguvu, na kama chuma kimepakwa zinki, moshi wake unamdhuru fundi. Tumia vipande vya bapa juu na chini vinavyobana mkono wa trela katikati, bolti za milimita 12 za daraja la 8.8 (namba ya uimara iliyoandikwa kwenye kichwa cha bolti), na nati zile zenye plastiki ndani zisizolegea. Kaza tena baada ya kilomita 50 za mwanzo, kisha kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Mama wa Pangani

Namuunga mkono Fundi kuhusu kugawa mzigo, nami nitaongezea habari za paa, kwa kuwa ndiko nimebebea baiskeli kwa miaka mingi.

Kaka wa Moshi, soma kwanza kitabu cha gari lako. Magari mengi ya aina hiyo hupewa uzito wa paa kati ya kilo 75 na 100, na ndani ya uzito huo huhesabiwa pia nondo zinazokatiza paa pamoja na keria zenyewe. Ukipandisha baiskeli zote nne juu, ni kilo 55, ukiongeza kilo 16 za keria nne na kilo 6 za nondo, unafika 77, na hapo hujaweka hata turubai. Kwa mbili una nafasi ya kutosha, kwani hazizidi kilo 41 pamoja na vifaa vyake.

Baiskeli ya mke wako ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Fremu ya kaboni isibanwe kwa mkono wa keria unaoshika bomba la juu, kwa kuwa kaboni haivumilii kubanwa pembeni, na ufa wake unaweza kuwa ndani usiuone mpaka siku imevunjika chini ya mtu. Tafuta keria inayoshika gurudumu la mbele kwa juu na rimu ya nyuma kwa mkanda, isiyogusa fremu hata kidogo. Keria zinazoshika uma wa mbele baada ya kutoa gurudumu ni nzuri na imara, lakini angalia kama ekseli ya baiskeli yako ni ile nyembamba ya kizamani au ile nene ya kupenyeza, kwani vishikio vyake havifanani.

Halafu kuna urefu. Prado ina karibu mita 1.9, na baiskeli iliyosimama juu yake inaongeza mita 1 na zaidi, kwa hiyo mtakuwa mnatembea na urefu wa mita 3. Mimi niliwahi kusahau. Niliingia kwenye lango la nyumba ya wageni nikiwa nimechoka na safari, nikasikia mlio ambao sitausahau, na baiskeli ya mwanangu ikakatika usukani huku reli ya paa ikiwa imepinda. Tangu siku hiyo nabandika karatasi mbele ya dereva yenye urefu wa gari ulioandikwa kwa herufi kubwa. Huku kwetu pia kuna matawi ya mikorosho na miembe yanayoinamia njia za vumbi, na dereva aliyezoea gari tupu hayaoni.

Mkishafika pwani, osheni bolti na minyororo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya siku mbili na mzipake grisi. Upepo wa bahari unakula chuma hata pale ambapo gari halijakanyaga mchanga.

Mswahili wa Hamburg

Nawasalimu kutoka Ujerumani, ambako trela za kambi ni nyingi sana. Huku nako keria nyingi za trela hufungwa mbele kwenye mkono wa trela, na mara nyingi huandikwa kuwa zisibebe zaidi ya kilo 60, jambo ambalo linakubaliana na hesabu ya Fundi. Zipo pia za kufunga kwenye ukuta wa nyuma, lakini hizo ni za trela ambazo kiwanda kimeweka chuma ndani ya ukuta kwa ajili hiyo, na barabara zake ni za lami tupu.

Ninachotaka kukumbusha ni taa na namba ya gari. Hapa, baiskeli zikiziba namba ya nyuma ni lazima uweke kibao kingine chenye namba ileile kwenye keria, pamoja na taa za breki na indiketa. Kwa mpango wenu wa paa na mkono wa trela hakuna kinachozibwa, nami naona hiyo ni sababu nyingine nzuri ya kuufuata, maana anayekuja nyuma usiku anahitaji kuona indiketa zenu zote.

Mkazi wa Moshi

Nawashukuru sana, na Mama wa Pangani nakupa pole kwa baiskeli ya mtoto. Nimemwambia mchomeleaji kwamba kazi ile haitakuwepo.

Jana jioni nilipima kwa mizani kama Fundi alivyoelekeza. Bila baiskeli nilipata kilo 58, na baada ya kufunga keria na baiskeli mbili za watoto kwa kamba pale mbele kwa ajili ya majaribio nilipata 84. Hata hivyo, nilipojaribu kurudi nyuma uani huku nikikata kona kali, usukani wa baiskeli moja ulikaribia kugusa tairi ya akiba ya gari, ukabakiza kama upana wa viganja viwili. Pia nina wasiwasi na mawe yatakayorushwa na matairi ya nyuma ya Prado. Je, nizifunike kwa turubai?

Fundi wa Njiro

Turubai kubwa usiweke, kaka. Litajaa upepo kama tanga na kuvuta keria kutwa nzima, na vumbi litaingia chini yake vilevile. Weka mpira mpana wa kuzuia matope nyuma ya kila tairi la gari, ufike karibu na ardhi, kisha funika minyororo na gia peke yake kwa kitambaa kizito kilichofungwa kwa kubana. Kwenye rafu punguza upepo wa matairi ya gari na ya trela kidogo na uendeshe polepole. Mawe yatarushwa kwa nguvu ndogo, na bolti zako zitapumzika.

Kuhusu usukani, viganja viwili havitoshi, kwa sababu kwenye mtaro au tuta gari na trela huinamiana na nafasi hiyo hupungua. Legeza bolti za shingo ya usukani, uugeuze ulale sambamba na fremu, utoe na pedali za upande wa gari. Kisha rudia kona ileile uani, safari hii gurudumu moja la trela likiwa juu ya tofali, na mtu asimame pembeni akuangalizie. Ukipata sentimita 30 na zaidi katika hali hiyo, funga bolti zako moja kwa moja. Ukikosa, sogeza keria sentimita 20 kuelekea ekseli, halafu upime tena kwa mizani.