Mrejesho: kichanga wetu aliyekuwa na chembe sahani 38,000

Wakuu, niliuliza kwa nini mwanangu njiti, aliyelazwa wodi ya watoto wachanga, alikutwa na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) 38,000 wakati kawaida huanzia 150,000, na bado daktari hakumwongezea. Asanteni mlionijibu.

Damu ya kwanza ilitolewa kisiginoni, na ya hapo ikiganda kidogo tu majibu yanadanganya. Wakarudia kwa ya mshipani: 41,000. Kweli zilikuwa chini. Chanzo ni maambukizi kwenye damu, akaanzishiwa antibayotiki.

Kuhusu kuongezewa (nilishajiandaa kugombana), daktari alinieleza utafiti wa Uingereza, Ireland na Uholanzi uliotoka 2019, wa njiti 660. Walioongezewa zikishuka chini ya 25,000, asilimia 19 walifariki au kutokwa damu nyingi. Walioongezewa mapema, chini ya 50,000, ni asilimia 26. Basi wakawa wanamkagua tu kama anavuja damu: vidoa vyekundu kwenye ngozi, kitovu, choo, na ultrasaundi ya kichwa kupitia utosini.

Jana zimefika 96,000. Anakunywa maziwa ya mama yake kwa kikombe, dozi ya antibayotiki bado inaendelea.