Ushauri: watu wawili, usiku tatu mjini, mfuko umebana. Tukate wapi bila kuharibu safari?

Mleta mada
Habari wakuu. Tunapanga kwenda kutembelea jiji tusilolijua, tunafika Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu usiku. Nauli ikishatoka, kinachobaki si cha kuchezea, lakini pia hatutaki kwenda kushinda chumbani. Naomba msaada kwenye haya:
1. Chumba rahisi pembezoni au cha katikati chenye bei kidogo juu?
2. Zile kadi za jiji zinazojumuisha makumbusho na usafiri, zinalipa kweli?
3. Pesa huvujia wapi bila mtu kujua?
Kutembea kwa miguu hatuogopi. Wajuzi shusheni nondo.

HesabuKwanza
Mkuu, swali la kwanza usilijibu kwa hisia, lijibu kwa karatasi. Tuseme cha pembezoni ni 40 kwa usiku na cha katikati ni 55, sarafu yoyote. Usiku tatu: 120 dhidi ya 165, tofauti 45. Sasa weka usafiri: watu 2, kwenda na kurudi, 3 kwa kila safari, ni 12 kwa siku. Siku tatu ni 36. Ongeza teksi moja ya 20 siku mtakayochelewa treni ya mwisho, mmefika 56. Kile "rahisi" kimekuwa ghali, na hapo sijahesabu saa mbili za kila siku mlizokaa kwenye behewa.

Bei inayoonekana kwenye utafutaji mara nyingi si bei ya mwisho. Fungua hadi ukurasa wa kulipia ndipo ulinganishe. Angalia ada ya usafi ya nyumba za kupanga: hutozwa mara moja kwa ukaaji wote, hivyo kwenye usiku mbili au tatu inauma kuliko kwenye wiki nzima. Angalia kodi ya watalii, ambayo miji mingi huitoza kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa mkifika. Na dhamana: hoteli inaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi, na kama ni kadi ya benki inayokata moja kwa moja, hiyo ni pesa yenu halisi iliyofungwa kwa siku kadhaa. Wengi hukwama hapo, salio lipo lakini halitumiki.

Kingine, miji ya biashara hoteli zake hushuka bei mwisho wa wiki kwa sababu wasafiri wa kazi wamerudi makwao. Miji ya starehe ni kinyume chake. Kabla ya kulipa, tafuta kama kuna mkutano mkubwa, mbio za marathoni au mechi tarehe hizo. Kikiwepo kimojawapo, sogezeni safari wiki moja. Huo uamuzi mmoja unaweza kuokoa kuliko mbinu zote nyingine humu.

NjiaFupi
Nampinga HesabuKwanza kidogo. Hesabu yake inasimama ikiwa mtalipa kila safari peke yake. Kama mtanunua tiketi ya siku hata hivyo, kulala mbali hakuongezi kitu. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: chumba kiwe umbali usiozidi dakika 10 kwa miguu kutoka kituo cha treni, na treni isizidi dakika 25 bila kubadilisha. Angalia saa ya treni ya mwisho ya Jumamosi na ya Jumapili, si ya siku za kazi, maana ratiba hutofautiana.

Uwanja wa ndege ndipo watu huliwa. Shirika likiandika jina la jiji haina maana mmeshafika. Paris-Beauvais iko kilomita zipatazo 85 kutoka Paris, na Frankfurt-Hahn inakaribia kilomita 120 kutoka Frankfurt. Nauli ya basi la huko, mara mbili, kwa watu wawili, ijumlishwe kwenye bei ya tiketi kabla hamjashangilia. Ndege inayotua baada ya usafiri wa umma kusimama nayo ihesabiwe pamoja na teksi.

Tiketi za mjini: kuna miji ambako ukigusisha kadi ya benki mlangoni mfumo huacha kukata ukifikia kikomo cha siku. London ni mfano. Masharti yake: kila mtu na kadi yake, na kadi ile ile kutwa nzima. Asubuhi ukitumia kadi ya plastiki na jioni ukatumia simu, mfumo unawaona watu wawili na kikomo hakifikiwi. Kwenye treni gusisha pia unapotoka, la sivyo unatozwa nauli ya juu kabisa. Kwingineko tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Tiketi halali isiyogongwa inaweza kupigwa faini kama vile huna tiketi. Luxembourg hawana shida hiyo, tangu 2020 usafiri wa umma nchini kote ni bure, isipokuwa daraja la kwanza kwenye treni.

Mama Ramani
Mwanangu, kwenye kadi za jiji jibu langu ni hapana mpaka hesabu iseme ndiyo. Andikeni kwanza mnachotaka kuona kama kadi isingekuwepo. Jumlisheni viingilio vya hivyo tu, pamoja na nauli kama kadi inajumuisha usafiri. Kadi ikizidi jumla hiyo, achaneni nayo. Kosa la kawaida ni kusoma orodha ya vivutio 60 na kujumlisha vyote, wakati mtu mwenye miguu ya kawaida huona viwili vikubwa kwa siku, cha tatu anakipita akitafuta kiti.

Someni pia kadi inahesabu nini. Nyingine huhesabu saa 48 tangu mguso wa kwanza, nyingine huhesabu siku za kalenda. Ya kalenda mkiianzisha saa kumi jioni, mmeshachoma siku nzima kwa saa mbili.

Jumatatu yenu iangalieni vizuri, makumbusho mengi duniani hufungwa siku hiyo. Louvre ya Paris yenyewe hufunga Jumanne. Na msilipe pasipolipwa: British Museum na National Gallery za London, mikusanyo ya kudumu ni bure, hulipwa maonyesho maalumu tu. Makumbusho za Vatican ni bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, lakini foleni yake ni ndefu sana, fikeni kabla ya kufunguliwa au lipeni siku nyingine.

Mpango wa siku: wekeni alama zote kwenye ramani, kisha zigaweni kwa mitaa, mtaa mmoja asubuhi na wa jirani mchana. Kilomita 8 hadi 10 kwa siku zinatosha. Mkizidisha hapo, jioni mtaishia kwenye teksi. Chagueni kitu kimoja tu cha kulipia kwa moyo wote, vingine viwe bustani, masoko, maktaba na sehemu za juu za kutazamia mji.

Kibubu
Swali la 3, la uvujaji:

Mashine ya kutolea pesa au ya dukani ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani kwako au ya pale, chagua ya pale daima. Ukichagua ya nyumbani, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hapangi kwa faida yako. Ada ya kutoa ikiwa ni kiasi kilekile kila unapotoa, toa mara moja kubwa badala ya mara nne ndogo.

Begi: lipimwe na magurudumu na mshikio wake. Ada ya getini kwa kawaida huzidi ile ya kulipia mapema mtandaoni.

Chakula kikubwa kiwe cha mchana, migahawa mingi ina bei maalumu muda huo ambayo jioni haipo. Menyu isiyo na bei, ondokeni. Kilichowekwa mezani bila kuagizwa, ulizeni kwanza.

Ziara za "bure" za kutembezwa: mwongozaji huishi kwa bakshishi, kwa hiyo ziwekeeni fungu.

Mleta mada
Shukrani sana wakuu, Mama Ramani shikamoo. Swali dogo: Jumatatu chumba tunakabidhi saa tano asubuhi na ndege ni saa tatu usiku. Mabegi tunayaweka wapi?

NjiaFupi
Hapo ndipo hoteli au hosteli yenye mapokezi huishinda nyumba ya kupanga isiyo na mtu: wengi hutunza mizigo bure siku ya kuondoka, muulize kwa ujumbe kabla ya kulipia chumba. Isipowezekana, makabati ya kituo kikuu, na uone saa yanapofungwa. Pakueni ramani ya jiji mkiwa bado kwenye waifai, lakini ramani ya nje ya mtandao kwa kawaida haitoi ratiba za treni, kwa hiyo pigeni picha ya skrini ya njia ya kwenda uwanjani pamoja na treni moja ya mapema zaidi ya mnayoikusudia.